Goti Chini ya Gunia

Bondeni, 9 Februari

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu na za bibi yako. Sisi wazima. Bibi masikio yamefunga kabisa sasa. Ukimkaribisha chai anakujibu kwamba mbuzi ameshafungwa. Lakini macho yake bado makali, anaona punje ya mtama kwenye vumbi kuliko mimi mwenye miwani. Mkeo hajambo? Nasikia tumbo limeanza kuonekana. Mwambie asinyanyue ndoo, na wewe ujifunze kuzinyanyua.

Usione haya mbele ya wenzako hapo ofisini nikikuandikia "Baba". Jina ulilopewa ni la baba yangu, basi ukilalamika kamlalamikie marehemu kaka yangu aliyekupa.

Sasa sikiliza balaa langu. Nimeshtakiwa. Usicheke! Mimi shangazi yako, Kamanda wa bonde zima, nimeletewa samansi na askari aliyekuja na baiskeli, akaomba maji, akanywa, akashukuru, ndipo akanipa karatasi.

Unamkumbuka yule mnunuzi wa mahindi mwenye lori la kijani. Mizani yake ni ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Gunia likishaning'inia, yeye husimama nyuma yake kama mtu anayelizuia lisiyumbe, kumbe analiinua kwa goti. Goti likipanda, uzito unashuka. Goti hilo sote tunalijua siku nyingi. Tunanung'unika, tunauza, kwa sababu lori jingine haliji huku. Wiki iliyopita akamfanyia bibi yako, kwa gunia letu la akiba. Bibi hasikii lakini anaona. Akanyoosha kidole akasema kwa sauti ile ya viziwi, "Goti!" Nikamwambia yule bwana, shusha goti. Akanijibu, "Mama, zeeka vizuri."

Baba, mkono ulikwenda wenyewe. Kofi moja tu. Lakini kofia yake tuliiokota mbali, na watu wakacheka. Nadhani kicheko ndicho kilichompeleka polisi, maana kofi lenyewe halikumwachia hata alama.

Majirani wanasema watakuja kunitetea. Lakini mahakama iko mjini, kesi itapigwa tarehe leo na kesho, na mahindi shambani yameanza kuchipua. Nguruwe pori hawajui tarehe ya mahakama. Gobore lina jina langu kwenye kibali, mtu mwingine haruhusiwi hata kulishika, kwa hiyo siku nisipokuwepo bonde liko wazi. Unajua tunavyoishi: kila nyumba hunipa debe la mahindi wakati wa mavuno kwa sababu nalinda mashamba yao. Hicho ndicho chakula changu na cha bibi yako. Kipande chetu wenyewe hakimshibishi kuku.

Wewe unafanya kazi kwa wakili. Uliza, kisha uniambie: nibishe au nifanyeje? Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa. Simu huku bado haishiki, labda upande juu ya paa la shule, na umri huo nimeshaupita.

Ni mimi, Shangazi yako,
Kamanda

*

Mjini, 21 Februari

Shangazi mpendwa, shikamoo. Shikamoo na kwa Bibi, umwambie karibu na sikio la kulia.

Huku tunaendelea vizuri. Mke wangu anakusalimu, anasema ndoo nimeanza kuzibeba na zinamwagika ngazini mpaka mwenye nyumba analalamika. Kazi ni nyingi. Wakili ana kesi ya kiwanja, mimi napiga chapa tangu asubuhi mpaka vidole vinakufa ganzi.

Nimecheka sana juu ya kofia, nisamehe. Hata mke wangu nilimsomea.

Shangazi, jambo lako ni dogo mno, usilipe ukubwa. Mambo kama hayo hapa ofisini yanapita mezani kwangu kila siku. Ukibisha, kesi itaahirishwa, mlalamikaji hatakuja, itaahirishwa tena, utalala mjini kwa watu, na nguruwe watakula bonde. Ukikubali kosa, hakimu atakuangalia: mama mtu mzima, kosa la kwanza, kofi moja. Atakutoza faini ndogo na jioni uko nyumbani. Ndivyo wanavyofanya watu wenye akili. Kubali yaishe.

Halafu umsalimie Mzee Kikohozi hapo ukutani. Mwambie akohoe kwa niaba yangu.

Mwanao

*

Bondeni, 15 Machi

Kwako Baba,

Marahaba. Bibi naye anasema marahaba, ingawa alidhani namwambia habari za sukari. Ndoo zisimwagike ngazini, zijaze nusu.

Yamekwisha! Nilikwenda kama ulivyosema. Hakimu ni binti mdogo, kichwa kinaonekana kidogo tu juu ya meza, lakini sauti anayo. Karani akasoma kwamba mimi nilimshambulia bwana fulani kwa kumpiga kofi usoni. Hakimu akaniuliza, "Mama, ni kweli?" Nikakumbuka maneno yako. Nikasema, "Ni kweli kabisa mheshimiwa, na kama kofia ingekuwa imekaza ningemwongeza la pili." Ukumbi mzima ukacheka. Hata hakimu alifunika mdomo kwa mkono wa kushoto, ila wa kulia uliendelea kuandika.

Nilimtajia na goti. Akasema goti halimo kwenye shtaka.

Nimelipa faini, nikapewa risiti, na basi la jioni likanirudisha. Bwana Goti, hilo ndilo jina nililompa na bonde zima limelipokea, tulikutana mlangoni, akanipisha nipite kwanza. Sikumwonea huruma.

Wale nguruwe walikuwa wameshafika kwenye ukingo wa shamba la mama wa kisimani. Mzee Kikohozi akakohoa mara moja, jike kubwa likalala, wengine wakakimbilia msituni. Babu yako alilipa gobore jina hilo zuri kwa sababu baruti ikishika moto husitasita kwanza, kama mzee anayesafisha koo, ndipo linatoka. Bibi hasikii mlio, ila anasema kitanda humtikisa, na akitikisika hulala vizuri.

Umenisaidia, Baba. Nimewaambia watu wote kwamba nina mtu mjini.

Kamanda

*

Bondeni, 2 Juni

Kwako Baba,

Salamu. Sijapata neno lako tangu nilipokuandikia Machi, nikajua kazi ni nyingi. Mkeo miguu haijavimba? Ikivimba ainyanyue ukutani akilala. Bibi yuko, anakula.

Nakuandikia nikiwa na uchungu, kwa hiyo ukiona mwandiko umekwenda kombo usishangae.

Kila mwaka mwezi wa tano huwa napeleka gobore kituo cha polisi likaguliwe na kibali kiongezwe. Nalibeba begani, napita sokoni, watoto wananifuata, ni kama sikukuu yangu ya peke yangu. Ofisa wa silaha sasa ni kijana wa nyumba ya kisimani. Shamba la mama yake nimelilinda tangu yeye akibebwa mgongoni. Akanipa kiti, akanisalimu vizuri, akaanza kuniuliza maswali ya kwenye fomu. Jina, umri, makazi. Akafika pa kuuliza kama nimewahi kutiwa hatiani. Nikamjibu kwa sauti, "Ndiyo, kwa kofi la Bwana Goti, si mama yako alikusimulia?"

Akaweka kalamu mezani. Akasema, "Mama, ungeninong'oneza." Mlango ulikuwa wazi, na mkuu wake ameketi chumba cha pili.

Baba, ndipo akaniambia. Shambulio ni kosa la kutumia nguvu. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kutumia nguvu haruhusiwi kumiliki silaha kwa miaka mitano, hata kama faini yake ilikuwa ya kununua kiberiti. Nikamwambia mimi nilipiga kwa mkono, gobore lilikuwa nyumbani ukutani. Akasema sheria haiulizi ulipiga kwa kitu gani. Nikamwambia basi uchukueni mkono, mniachie gobore. Hakucheka. Mimi pia sikuwa nafanya mzaha.

Wakalichukua. Walifunga kikaratasi kwenye mtutu, kama mzigo unaowekwa juu ya basi, wakaliegemeza kwenye kabati la chuma pamoja na mapanga ya wezi. Lile gobore baba yangu alikuwa akilipaka mafuta kabla hajapaka mwili wake mwenyewe. Pale sikulia. Nililia njiani, sokoni, mbele ya watu, mikono mitupu.

Baba, nina swali moja tu. Kabla ya kuniandikia ile Februari, ulimwuliza wakili wako? Sikulaumu. Nataka kujua tu.

Shangazi yako

*

Mjini, 30 Juni

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Natumaini Bibi hajambo. Miguu ya mke wangu ilivimba kweli, na tunainyanyua ukutani kama ulivyosema, tunalala kama popo. Barua yako ilinitoa machozi nikiwa kazini, nikasingizia vumbi la mafaili.

Jana nilimweleza wakili habari yote. Alinisikiliza vizuri, ni mtu mwema. Anasema ofisa yule hakukuonea, sheria iko hivyo. Anasema pia kwamba mtu aliyekiri kosa kwa kinywa chake hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia adhabu tu, na adhabu yako ilikuwa ndogo. Ingekuwepo njia kama ungekiri kwa kusitasita, mathalani kama ungesema nilimpiga lakini yeye ndiye aliyeanza. Tukaagiza nakala ya mwenendo wa kesi. Wakili alipofika kwenye maneno ya kofia na kofi la pili alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanirudishia karatasi, akasema, "Hapa hakuna pa kushika."

Na kesi ya goti, anasema, ilikuwa kesi nzuri sana kama ungebisha.

Kuna jambo moja amenieleza, nami nakuandikia kama lilivyo. Silaha iliyochukuliwa hivyo huwekwa kituoni hadi mwisho wa Novemba. Ndani ya muda huo ndugu wa damu asiye na kosa, ambaye anaishi hapo hapo au anahamia hapo, anaweza kuomba iandikwe kwa jina lake. Asipopatikana, silaha inakatwa vipande. Sijui kama huko nyumbani kuna mtu wa namna hiyo.

Nakuombea nguvu.

Mwanao

*

Bondeni, 18 Julai

Kwako Baba,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mnalala kama popo, mtoto atazaliwa akijua kuning'inia.

Nimekaa na bibi yako kwenye mkeka, tukapekua ukoo mzima kutafuta huyo ndugu wa damu. Kaka yangu, baba yako, yuko kaburini, na makazi hayo nadhani hayakubaliki. Binamu yako wa mlimani ana kosa la gongo, tena si moja. Mdogo wake ukimpa gobore asubuhi, jioni ameliuza na kibali chake. Bibi yako amesema yeye yuko tayari, leteni fomu, ila atahitaji mtu wa kumwambia nguruwe wako upande gani. Tulicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Amebaki mtu mmoja. Sitamtaja.

Huku sasa tunalinda kwa madebe na mienge. Siku za mwanzo waliogopa. Sasa dume moja husimama kabisa, linatutazama tukipiga madebe, kama limekuja ngomani. Shamba la mama wa kisimani limekwenda nusu. Halijaliwa tu, limefukuliwa, utadhani wamepita na jembe la kukokotwa. Hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema. Wananipita njiani wakiniamkia kwa adabu, na jina la Kamanda hawalitaji tena.

Mwezi ujao ni mavuno. Sijui nitapokea vipi debe la mtu ambaye sikumlindia kitu.

Lile swali langu hukulijibu. Labda ulisahau.

Shangazi yako

*

Mjini, 25 Septemba

Shangazi mpendwa, shikamoo nyingi.

Nisamehe kwa kuchelewa, barua yako ya Julai imenifikia juzi tu. Nadhani dereva aliisahau kwenye gari.

Furaha kubwa: tumepata mtoto wa kike! Ana sauti, mwenye nyumba anaijua vizuri. Mama yake mzima. Mikono ya mtoto mipana, tumeona atakuwa na mkono wako. Ukipata nafasi tutafutie jina, tumeshindwa kuafikiana.

Pole sana kwa habari za mashamba. Nimefikiri sana juu ya mambo uliyoandika. Kwa sasa wakili ananitegemea, kesi ya kiwanja imefika mahakama ya juu, na nikiondoka hata mwezi mmoja kuna vijana watatu wanaosubiri kiti changu. Chumba chetu kimoja tunakigawa kwa pazia. Ila mambo hubadilika. Tutaona Desemba itakuwaje.

Nimekutumia kitenge na sabuni za Bibi, anazipenda zile za kijani.

Mwanao

*

Bondeni, 10 Oktoba

Baba,

Mtoto na akue salama, na mama yake apone vizuri. Nimelia kwa furaha, Bibi akadhani kuna msiba.

Dereva wa lori la maziwa anasema barua yangu alikupa mkononi, mwezi wa saba ule ule, ulikuwa umesimama nje ya ofisi unakunywa chai, ukaisoma mbele yake, ukaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo. Sikumwuliza, alinisimulia mwenyewe kwa sababu alikuona huna raha, akataka kujua kama kuna aliyekufa.

Desemba si Novemba.

Mavuno yamepita. Watu wema waliniletea mahindi kwenye sahani. Nyumba mbili zimehama, wamekwenda kwa ndugu zao. Bibi ananiuliza kila siku, "Mbona siku hizi hupigi? Kitanda kimekufa." Sijamwambia gobore liko wapi. Anadhani lina kutu, nalisubiria mafuta.

Sikuombi uje kuishi huku maisha. Ofisa wa kisimani anasema ukionyesha kwamba umehamia kwa msimu mmoja tu, uandikwe, upige picha, utie dole gumba, mengine yeye atajua. Msimu mmoja. Nimekuomba sasa. Nilikuwa nasubiri ujitolee, ubaki na heshima yako, lakini naona heshima itatumalizia muda.

Shangazi yako

*

Mjini, 1 Novemba

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako nimeipokea leo, na leo hii najibu.

Nakuja. Nimeongea na wakili, amenipa ruhusa ya miezi mitatu bila mshahara, kwenye kiti changu atamweka binamu yake, kisha anirudishie. Mke wangu alinuna siku mbili, halafu akaanza mwenyewe kunikunjia nguo. Nitafika wiki ya mwisho ya Novemba, nije moja kwa moja kituoni kwa basi la asubuhi, wewe unisubiri pale pale na picha zangu nitakuwa nazo.

Usimwambie Bibi. Nataka kitanda kimtikise kwanza, ndipo ajue nimekuja.

Nisamehe kwa yote, Shangazi.

Mwanao

*

Mjini, 14 Desemba

Shangazi, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Mtoto alishikwa na homa ile wiki, homa kali. Tikiti nilikuwa nimeshakata, iko hapa mezani ninapoandika. Siku ya kwanza nikasema nitaondoka kesho. Kesho yake wakili naye akasema yule binamu hajui hata kuweka karatasi kwenye mashine. Halafu tarehe ikawa imepita.

Mtoto sasa mzima.

Nijibu hata kwa kunitukana. Nitukane, Shangazi.

Mwanao

*

Njia panda, 11 Februari

Kwako Baba,

Marahaba. Namshukuru Mungu mtoto amepona. Alikuwa na homa, naamini, watoto hushikwa na homa. Umwite jina lolote mtakalo. La kwangu msimpe.

Ulitaka nikutukane. Nimejaribu siku kadhaa, maneno hayaji. Nilikusubiri kituoni, kwenye benchi la nje, kila siku ya wiki ile. Basi la asubuhi likifika nasimama, najifunga kanga vizuri, watu wanashuka, nakaa. Siku ya mwisho ofisa wa kisimani alichelewesha kazi yake makusudi. Akasema labda basi limeharibika njiani, labda atakuja na la mchana. La mchana likaja. Ndipo akatoka na fundi mwenye msumeno wa chuma, akaniomba niende nyumbani nisione. Nikabaki. Mzee Kikohozi ana mtutu mgumu, fundi alibadilisha meno ya msumeno. Kitako cha mti niliomba nikakipikie chai. Wakakataa, hicho nacho wakakipasua kwa shoka.

Bibi nilimwambia siku hiyo. Ilibidi nimwandikie kwa mkaa ukutani, kwa herufi kubwa, maana masikio hayasikii na mimi sauti ilikuwa imekwisha. Alisoma, akageukia ukuta mwingine. Tangu hapo hajauliza habari ya kitanda.

Bondeni hatupo tena. Mvua zilipoanza hakuna aliyepanda upande ule wa mto, sasa ni nyasi na njia za nguruwe. Tumehamia hapa njia panda, chumba cha nyuma ya ghala. Ghala ni la Bwana Goti. Amefungua la kudumu, ana mizani mbili. Ndiye aliyenifuata mwenyewe, akasema, "Mama, yaliyopita yamepita, nahitaji mtu wa kushona midomo ya magunia." Nakueleza ukweli, hanitendei vibaya. Analipa Jumamosi, na amempa Bibi kiti mlangoni aote jua. Wengine wote niliowaomba kazi waliniuliza kama nina kosa lolote polisi, nami sijui kusema uongo. Yeye hakuwa na haja ya kuuliza.

Magunia nashona kwa sindano ile kubwa iliyopinda na uzi wa katani. Mkono wangu umezoea.

Juzi alikuja mama wa kisimani. Amevuna kigunia kidogo kule mlimani alikoazimwa kipande, amekibeba kichwani mwenyewe. Bwana Goti akakitundika, akasimama nyuma yake. Nilikuwa nimeketi chini na sindano yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona vizuri kuliko wote. Mama wa kisimani hakuangalia goti, Baba. Aliangalia mkono wangu. Watu wote waliokuwa kwenye foleni waliangalia mkono wangu.

Kosa la pili si faini, ni jela. Hilo ofisa aliniambia vizuri, na safari hii nilisikiliza. Nikienda jela, bibi yako ataota jua kwa nani?

Na hapo mlangoni bibi yako akanyoosha kidole. Akasema kwa sauti ile ya viziwi, ghala zima likasikia, "Goti!"

Bwana Goti akanigeukia. Hakukasirika, alinitazama tu, akisubiri niseme mimi.

Nikamwambia, "Msamehe mama yangu. Siku hizi haoni vizuri."

Bibi alikuwa ananitazama midomo. Amekuwa hodari wa kusoma midomo.

Lile swali langu la mwaka jana nimelifuta, usihangaike kulijibu. Nililijua jibu siku ile ile nilipokuuliza. Nilitaka tu unijibu wewe.

Mama wa kisimani alichukua alichopewa akaondoka. Gunia lake nimelishona mimi.

Ni mimi,
Shangazi yako